Bi Kijakazi na Udongo Unaoruka

Watu wa Kikole walimjua Bi Kijakazi kwa mambo mawili: pua yake na maswali yake.

Pua aliitoa kwao Kinjumbi, alikozaliwa katika nyumba ya watu wa samaki. Mama yake alikuwa akipasua samaki na kuwaanika ng'onda, na binti, hata hajaanza kufunga saumu, tayari alikuwa anajua kumnusa samaki penye shavu na kusema huyu atafika Jumatano, huyu kesho hafiki. Wachuuzi wazima walimpelekea samaki anuse kabla hawajalipa. Maswali hakuna aliyejua aliyatoa wapi. Mumewe, Ridhiwani, alikuwa akisema alimwoa akiwa nayo, na kwamba siku ya posa bibi harusi alituma mtu kutoka ndani aulize kwa nini mshenga siku zote huketi karibu na mlango.

Alipoolewa Kikole aliacha bahari akashika jembe. Ridhiwani alikuwa na mihogo, ufuta kidogo, mikorosho ya kurithi, na kitu alichokipenda kuliko vyote hivyo: michungwa thelathini na miwili aliyoipanda kwa mkono wake mwenyewe kwenye bonde nyuma ya nyumba. Safu mbili, kila safu miti kumi na sita. Miti ilikuwa imenawiri, matawi yake yamelala mpaka chini, kuku wanaingia humo kutaga na hawaonekani tena. Ridhiwani alijivunia matawi hayo. "Mchungwa wa heshima hujisitiri," alikuwa akisema, na mgeni yeyote aliyefika aliongozwa bondeni kuona.

Mwaka mmoja masika ilikataa kuondoka. Mwezi wa tano ulikuwa umeshaingia, machungwa yameiva, na mvua bado inanyesha kila alasiri. Wakachuma hivyo hivyo. Antonia, mfanyabiashara wa Lindi mjini ambaye kwao hasa ni Newala, akaja na gari akabeba matenga yake kama miaka yote. Siku tisa baadaye alirudi. Hakuleta matenga matupu. Alileta tenga moja limejaa, akalishusha mbele ya baraza, akafunua majani ya mgomba yaliyofunika.

"Bi Kijakazi," alisema, "mimi na wewe tumeanza biashara mwanangu akiwa mgongoni. Sijawahi kukuuliza neno. Leo nakuuliza. Mliniokotea?"

Kumwambia mkulima wa machungwa kwamba ameokota ni kumwambia ameuza yaliyoanguka yenyewe, yaliyolala chini na kuumwa na siafu. Bi Kijakazi alihisi uso unamchoma.

"Sisi hatuokoti, Antonia. Tunachuma mtini. Wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo, na nilipoyapakia yalikuwa mazuri, naapa kwa Mungu. Siku ya nne yakaanza. Siku ya saba nusu ya tenga imekwenda. Wateja wangu wananiambia nimewauzia takataka."

Bi Kijakazi alichuchumaa, akachukua chungwa moja, akaligeuza. Alijua kuoza kwa machungwa. Kuoza anakokujua yeye, chungwa hulainika, kidole kinazama, kisha unga wa kijani unaota juu kama vumbi la chaki. Hili lilikuwa gumu. Ganda limegeuka rangi ya ngozi ya kiatu kikuukuu, kahawia iliyopauka, halikubonyea wala halikutoa maji. Kwenye moja lililokuwa chini kabisa ya tenga, penye unyevu, palikuwa na utando mweupe, mwembamba kama pumzi juu ya kioo. Akalipeleka puani.

Harufu ilikuwa kali, ya mafuta ya nazi yaliyokaa mpaka yakachacha. Akachukua jingine, harufu ile ile. La tatu, ile ile. Kisha akachukua chungwa zima, lisilo na doa lolote, la manjano safi, akalinusa kwa muda mrefu, karibu na kikonyo.

"Na hili litaoza," alisema.

"Hilo ni zima!" Antonia akashangaa.

"Liweke dirishani kwangu. Siku tatu."

Antonia hakukaa siku tatu, lakini chungwa lilikaa. Siku ya pili lilitoa doa la ukubwa wa kucha. Siku ya tatu doa lilikuwa kama kiganja cha mtoto. Bi Kijakazi alilitazama asubuhi na jioni kama mtu anayemtazama mgeni asiyesema alikotoka. Aibu ya kuambiwa ameokota ilikuwa bado inamuuma, lakini pembeni yake kulikuwa na kitu kingine kimeanza kumwasha: kama chungwa lilitoka kwake likiwa zima, na likaoza Lindi, basi liliondoka hapa na nini?

Bwana shamba wa kata, kijana aitwaye Leonadi, alipopita na pikipiki aliulizwa. Alitazama haraka akasema ni inzi wa matunda, hao wanaotoboa ganda na kutaga. Bi Kijakazi alimshukuru. Alipoondoka, alichukua kisu akapasua machungwa sita yaliyooza, moja baada ya jingine, akatafuta funza. Hakukuwa na funza hata mmoja.

"Siyo inzi," alimwambia mumewe.

"Basi tupulize salfa, kama kwenye mikorosho," Ridhiwani akasema.

"Salfa inaua nini?"

"Inaua ubwiriunga, ule unga mweupe wa mikorosho."

"Huu ni ubwiriunga?"

Ridhiwani akaendelea kunoa panga lake.

Machungwa yalikuwa bado yapo mtini, na ndipo Bi Kijakazi alipofanya jambo la kwanza kati ya mambo yaliyowafanya majirani waanze kumsema. Alichana kanga iliyochakaa vipande vipande. Machungwa ishirini aliyachuma kwa kuinama, yale ya chini ya goti, akayatia kwenye pakacha moja na kulifunga kipande chekundu. Ishirini aliyachuma akiwa amesimama, usawa wa kiuno, akafunga kipande cheupe. Ishirini aliyashusha kutoka juu kabisa kwa ngoe, moja moja, na mumewe akiyadaka. Akafunga kipande cheusi. Mapakacha yote matatu akayaning'iniza bandani, kila moja na kona yake, akasubiri.

Siku ya kumi aliyashusha. La kipande chekundu lilinuka kabla hajalifikia: machungwa tisa yalikuwa ya kahawia. La kipande cheupe, mawili. La kipande cheusi, hakuna.

Alimwita Ridhiwani, akampangia machungwa sakafuni mistari mitatu aone mwenyewe.

"Yanayooza ni ya chini," alisema. "Mti ni mmoja, mvua ni moja, jua ni moja. Chini kuna nini ambacho juu hakuna?"

"Chini kuna ardhi," Ridhiwani alijibu, kwa sauti ya mtu aliyechoka.

Alisema kwa kujibu tu, lakini mkewe alimkazia macho mpaka akajisikia amesema neno la maana bila kujua.

Alasiri ile mvua ilipokuwa inajikusanya juu ya mikorosho, Bi Kijakazi aliingia chumbani akatoka na kanzu nyeupe ya mumewe. Ilikuwa ya zamani, imechanika kwapani, haikuvaliwa tena hata kwa kazi. Aliipitisha kijiti mabegani, akaitundika kwenye tawi la mchungwa wa ukingoni, pindo lake likawa limebaki na nafasi ya vidole viwili kugusa udongo. Kisha akakaa barazani.

Mvua ikashuka. Jirani yao Khamisi, aliyekuwa anakimbia kutoka shambani na jembe begani, alipita bondeni, akaona mtu aliyevaa kanzu amesimama ndani ya mchungwa kimya, hana kichwa. Alipiga yowe lililosikika mpaka msikitini. Siku iliyofuata kijiji kizima kilikuwa kinacheka, na Ridhiwani aliyekwenda kuswali adhuhuri aliulizwa na watu watatu kama mkewe hajambo.

"Mama Majid," alisema aliporudi, naye alimwita kwa jina la mwana wao mkubwa pale alipokuwa hataki ugomvi. "Kanzu yangu ina kosa gani?"

"Njoo uione."

Aliitandaza juu ya jamvi. Pindoni kanzu ilikuwa imekuwa nyekundu ya udongo, huwezi kutia kidole pasipo na doa. Usawa wa goti madoa yalikuwa mengi lakini yameachana. Usawa wa kiuno yalikuwa ya kuhesabika. Kifuani palikuwa peupe kama siku ilipotoka kwa fundi.

Ridhiwani alipitisha mkono juu ya kitambaa, kutoka chini kwenda juu. Hakucheka.

"Tone linapiga chini," Bi Kijakazi alisema polepole, "udongo unaruka. Unaruka mpaka hapa. Na machungwa yanaoza mpaka hapa." Aliweka kiganja kwenye goti la kanzu. "Sasa kilichomo kwenye huo udongo ndicho sikijui."

Usingizi ulimpaa kwa siku kadhaa kwa sababu ya hilo. Udongo ni udongo, alijiambia, umelisha watu tangu Adamu. Mihogo inakaa ndani yake na haiozi. Lakini aliwakumbuka samaki wa mama yake: aliyeoshwa kwa maji ya chemchemi alidumu, aliyeoshwa kwa maji ya shimo aliharibika, na maji yote mawili yalikuwa meupe machoni. Na maji ya shimo yakichemshwa kwanza hayakuwa na neno.

Akachota udongo chini ya mchungwa. Nusu yake akautia kwenye sufuria na maji, akauweka jikoni, akauchemsha kama maharage, anakoroga na mwiko uliovunjika. Zuhura, mke wa Khamisi, aliyekuja kuomba moto, alisimama mlangoni.

"Shoga, unapika nini?"

"Udongo."

Zuhura alitazama sufuria, akamtazama mwenzake, akaondoka bila moto.

Bi Kijakazi alichukua mabeseni mawili. Moja alitia udongo mbichi na maji safi, jingine udongo uliochemshwa ukapoa. Kila beseni akatia machungwa matano ya juu ya mti, mazima, aliyoyanusa moja moja, yakaelea nusu ndani nusu nje. Akayafunika kwa ungo. Siku ya nne machungwa ya udongo mbichi yalianza kubadilika rangi pale maji yalipokomea. Siku ya nane manne kati ya matano yalikuwa ya kahawia, magumu, na harufu ile ile ya mafuta yaliyochacha. Katika beseni la pili, moja lilikuwa limeota ule unga wa kijani wa kawaida. Mengine manne yalikuwa mazima.

Alikaa chini kati ya mabeseni mawili, mikono magotini. Ridhiwani alimkuta hapo.

"Umepata?"

"Kilichomo kinakufa kwa moto," alisema. "Basi kilikuwa hai."

Safari hii alimpigia Leonadi simu mwenyewe. Kijana alikuja akijua ameitwa kuhusu inzi. Alipofika, "Shikamoo mama," "Marahaba mwanangu," akaoneshwa funza wasiokuwepo, mapakacha ya vipande vitatu, kanzu na mabeseni. Alitembea kutoka kimoja hadi kingine. Mwisho alivua kofia.

"Mama, nilikuelekeza vibaya. Nilitazama juu juu. Nipe siku mbili."

Alipiga picha kila kitu, akampelekea mwenzake aliyesoma naye ambaye sasa anafanya kazi na wakulima wa machungwa huko Muheza. Siku mbili zikawa tano, lakini alirudi, na safari hii aliketi barazani akakubali chai.

"Unaitwa uozo wa kahawia," alisema. "Unaletwa na vimelea vidogo sana vinavyokaa kwenye udongo. Jamaa wa ukungu, lakini siyo ukungu hasa. Udongo ukikauka vinalala. Mvua ikinyesha mfululizo, udongo ukilowa kwa saa nyingi, vinaamka na kutoa mbegu zake, na hizo mbegu zinaogelea kwenye maji."

"Zinaogelea vipi?"

"Zina mikia."

Bi Kijakazi aliweka kikombe chini. "Mikia? Umeiona kwa macho yako?"

"Niliiona chuoni, kwa hadubini. Kila moja ina mikia miwili, mmoja mbele, mmoja nyuma. Zinazunguka zunguka, kisha zikigusa ganda zinatulia, mikia inakatika, zinaota na kuingia ndani."

"Subhanallah," alisema, na akamfanya arudie. Akauliza kama zinaona. Leonadi akasema hazina macho, ila huhisi, kama kwa kunusa, penye tunda au mzizi. Bi Kijakazi alicheka kwa sauti, akampiga mumewe begani: "Unasikia? Nazo zina pua!" Kisha akalitazama bonde. Kila dimbwi aliloliruka tangu aolewe, kila tone lililomrukia pindoni. Vitu vimo humo vinaogelea na mikia yao miwili, na yeye hajui.

"Na chungwa la Antonia?" aliuliza. "Lilitoka hapa zuri."

"Likishaingiwa hukaa siku tatu, wiki, hata siku kumi, ndipo lioneshe. Unalichuma zima, unalipakia zima. Linaoza njiani, na likiwa ndani ya tenga linaambukiza jirani yake."

"Kwa hiyo sikuokota."

"Hukuokota, mama."

Alipumua kama aliyetua mtungi.

Dawa yake, Leonadi alieleza, ni kazi zaidi kuliko dawa. Matawi ya chini yakatwe, pasiwe na jani lililo chini ya goti. Chini ya mti patandazwe nyasi kavu ili tone lisipige udongo wazi, ila zisisongane na shina. Yaliyoanguka yakusanywe yapelekwe mbali. Mifereji ichimbwe maji yasituame bondeni. Na kabla ya mvua kubwa, mchanganyiko wa mrututu, ile chumvi ya shaba, na chokaa upulizwe kwenye majani ya chini na kwenye udongo wenyewe. Uchanganywe kwenye ndoo ya plastiki, siyo ya bati.

"Kwa nini isiwe ya bati?"

Badala ya kujibu, kijana aliomba msumari na kikombe kibovu. Alitia punje za mrututu kwenye maji yakawa ya buluu, akatumbukiza msumari. Walipomaliza chai aliutoa. Ulikuwa umevaa koti jekundu la shaba.

"Unakula chuma," alisema. Ule msumari Bi Kijakazi aliuweka juu ya kabati, akawaonesha wageni kwa mwaka mzima.

Tatizo lilikuwa Ridhiwani. Kusikiliza alisikiliza, kanzu aliiona, lakini alipoona mkewe anakwenda bondeni na panga alimfuata mbio.

"Unataka kuivua miti yangu shuka?"

"Nataka kuiinulia pindo, baba Majid. Kama mtu anayevuka dimbwi."

"Robo ya machungwa yako kwenye hayo matawi!"

"Na ndiyo yanayooza hayo."

Walibishana mpaka kuku wakatoka. Haikuwa machungwa tu. Ridhiwani alipanda miti ile mwaka aliofiwa na kaka yake, na tangu hapo hakumruhusu mtu kuipogoa, wala yeye mwenyewe hakuipogoa kamwe. Bi Kijakazi alilijua hilo. Alishusha panga.

"Basi tugawane," alisema. "Safu ya mashariki yangu, ya magharibi yako. Yangu naikata. Yako iache na shuka yake. Mungu akitupa mwaka tutaona."

Ridhiwani alikubali, akageuka, hakutaka kutazama. Kwa wiki nzima alisikia panga na hakwenda bondeni.

Mwaka uliofuata Bi Kijakazi alifanya kila aliloelekezwa. Nyasi alitandaza, mifereji alichimba, mrututu alipuliza mara mbili akiwa amejifunga kanga usoni. Masika ikaja, siyo kali kama ile ya mwaka wa nyuma, lakini ilinyesha ya kutosha. Mwezi wa tano akachuma safu yake, akamsihi Antonia ajaribu tena. Antonia alikubali kwa moyo mzito, akachukua matenga manne, yaliyowekwa alama ya kanga.

Siku ya sita simu ililia.

"Dada," Antonia alisema, na sauti yake haikuwa ya ugomvi, ndiyo ikawa mbaya zaidi. "Yanaoza tena."

Bi Kijakazi alikaa kitandani na simu mkononi. Ridhiwani alisikia yote. Angeweza kusema neno, na mkewe alilisubiri. Yeye alikwenda jikoni akamletea maji ya kunywa.

Siku mbili hakuuliza swali lolote, na nyumba ikawa ngeni. Siku ya tatu aliondoka kwenda Lindi, kwenye kibanda cha Antonia sokoni, akaomba kuona. Wakayamwaga yaliyooza juu ya gunia, akaanza kuyageuza moja moja. Ndipo akaona kitu. Mwaka wa nyuma doa lilikaa popote. Haya yote yalikuwa na doa upande mmoja tu, tena upande wa ubavuni, bapa, kama mahali alipolalia mtu. Kwenye mawili matatu, katikati ya doa, palikuwa na chembe za udongo mwekundu zimeganda.

"Antonia, ulipofika kwangu siku ile uliyakuta wapi?"

"Chini ya miti. Mmeyarundika."

Alifumba macho. Asubuhi ile ya kuchuma mapakacha hayakutosha. Umande ulikuwa mzito, jana yake mvua imepita, naye alikuwa na haraka. Alichuma machungwa ya juu, safi, yaliyolindwa mwaka mzima yasirukiwe na udongo, kisha kwa mkono wake mwenyewe akayalaza juu ya udongo, nje ya nyasi, penye ubichi, yakakaa mpaka saa tisa. Machungwa aliyomtuma Majid ampelekee shangazi yake Kilwa Kivinje, yaliyotoka mtini yakaingia kapuni moja kwa moja, yalikuwa bado mazima. Alimpigia shangazi hapo hapo sokoni akamuuliza. Shangazi akasema analo moja mkononi analimenya.

"Ni mimi," Bi Kijakazi alimwambia Antonia. "Udongo haukuruka safari hii. Mimi ndiye niliyeyashusha."

Antonia alimtazama, kisha akaanza kucheka, na wote wawili wakacheka mpaka muuza nyanya wa jirani akauliza kuna nini.

Mchumo wa pili walisubiri jua lipande na umande ukauke. Walitandika maturubai, na hakuna chungwa lililogusa chini. Bi Kijakazi alichuma safu yake, Ridhiwani akachuma yake, na Antonia akayaweka mbalimbali. Wiki mbili baadaye aliwapa habari wote wawili pamoja, kwa sauti ya juu ya simu. Ya safu ya mashariki yalitupwa machache, mengine kwa unga wa kijani wa kawaida. Ya safu ya magharibi, tenga zima lilikwenda jalalani.

Kesho yake baada ya alfajiri Bi Kijakazi alisikia panga bondeni. Alitoka akamkuta Ridhiwani amepiga magoti kwenye mti wa kwanza wa safu yake, anakata tawi la chini taratibu, kama anayemnyoa mtoto. Hakumsogelea. Alirudi ndani akaweka chai, akaacha amalize mti ule peke yake.

Ilikuwa kwa sababu ya kupogoa ndipo wakauona mti wa saba. Matawi yalipoondoka, shina lilionekana kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, na chini karibu na ardhi gamba lilikuwa limepasuka, linatoa utomvu wa rangi ya asali. Leonadi alikwangua kwa kisu: ndani palikuwa pamekufa, pa kahawia.

"Ni vile vile," alisema. "Vikikosa tunda vinaweza kula shina. Udongo umerundikana hapa miaka yote."

Waliuondoa udongo shinani, wakapaka mrututu, wakangoja. Mti ulitoa maua mengi mno, mengi kuliko yote, na Bi Kijakazi alifurahi mpaka Leonadi alipomwambia kwamba mti unaokufa huzaa hivyo. Kabla ya mwaka kwisha majani yalikuwa ya manjano, kisha hakuna. Ridhiwani aliukata mwenyewe. Hakutaka kuni zake zitumike nyumbani, akampa Khamisi.

"Upandwe mwingine?" mkewe aliuliza, siku walipokaa na Leonadi kuzungumzia shimo lile.

"Siyo palepale, na usipandwe bondeni, upandwe juu ya tuta," kijana alisema. "Na mizizi yake isiwe ya mlimau kama hii yenu. Mlimau ni mwepesi kuliwa. Chini uwe mdanzi, ule wa machungwa machungu, juu uubebeshe kitawi cha mchungwa. Mdanzi unavumilia zaidi, ingawa nao una maradhi yake mengine, sikufichi."

"Kwa nini unavumilia?"

"Hilo sina hakika, mama," Leonadi alisema.

Madanzi hayapatikani Kikole. Shangazi wa Kilwa Kivinje alikuwa na mti mmoja uani, umezeeka, watu wanautafuta kwa achari tu. Bi Kijakazi alirudi na mfuko wa madanzi, akatoa mbegu, akazipanda kwenye viriba kumi na viwili akavipanga juu ya meza iliyovunjika mguu, mbali na ardhi. Ridhiwani aliinua ile meza kwa matofali mawili zaidi bila kuambiwa. Mbegu tisa zimeota. Zimefika urefu wa penseli, bado ndogo kubebeshwa, na Khamisi, aliyekwisha kukata matawi ya chini ya michungwa yake minne, huja kuzitazama na kuuliza zitakuwa tayari lini.

"Mwakani," Bi Kijakazi humjibu. "Au mwaka wa pili wake. Kaa chini, Khamisi, unieleze. Ile michungwa yako iko mlimani, maji hayatuami. Kwa nini mmoja bado unaoza?"